Riwaya ndefu za mtandaoni hazijakiua kitabu, ila kila kimoja kina kazi yake

MZAZI anayemkuta mwanawe amejifunika blanketi saa sita za usiku, uso ukimulikwa na simu, aghalabu huwa na hukumu tayari: kijana anapoteza wakati kwa michezo na porojo za mitandao. Huenda dhana hiyo ni ya kweli. Lakini yamkini pia kijana huyo yumo katika sura ya mia tatu ya hadithi ya majoka, wachawi na falme zisizokuwepo duniani, na kwamba mwezi huo amesoma maneno mengi kuliko yaliyomo katika vitabu vyote vya fasihi anavyotahiniwa shuleni.

Je, huko nako ni kusoma? Swali hilo limewagawanya wazazi, walimu na wapenzi wa vitabu. Wapo wanaoshikilia kwamba kitabu ni karatasi, na kwamba mengine yote ni mchezo. Wengine wanaona kitabu cha karatasi kuwa mzigo uliopitwa na wakati. Pande zote mbili zina ukweli nusu.

Kwanza, yafaa ieleweke kwamba kusimulia kwa vipande si jambo geni. Katika Alfu Lela Ulela, Shahrazad huokoa maisha yake kwa kuikatiza hadithi panapopendeza, ili mfalme asubiri usiku wa pili. Charles Dickens wa Uingereza alichapisha The Pickwick Papers kwa sehemu za kila mwezi kati ya 1836 na 1837. Nchini Ufaransa, Alexandre Dumas alianza kuchapisha The Three Musketeers gazetini mwaka wa 1844.

Hapa Afrika Mashariki, msomaji wa magazeti ya Kiswahili analijua vyema neno 'itaendelea'. Hadithi za Mtanzania Eric Shigongo, kwa mfano, zilisomwa kwa mfululizo magazetini kabla ya kutolewa kama vitabu.

Kilichobadilika ni mpaka. Gazeti lina nafasi finyu, na kila ukurasa wa kitabu hugharimu karatasi na wino. Tovuti haina kikomo hicho. Mwandishi anaweza kuongeza sura mbili kila wiki kwa miaka kumi bila kuulizwa na mchapishaji.

Matokeo yake ni kazi za urefu usio na kifani. Riwaya ya Worm ya Mkanada John C. McCrae, inayomhusu binti mwenye uwezo wa kuwatawala wadudu, iliandikwa kati ya 2011 na 2013 na kufikia takriban maneno milioni 1.7. The Wandering Inn, iliyoanza mwaka wa 2016 na inayosimulia habari za msichana anayeendesha nyumba ya wageni katika ulimwengu wa ajabu, imepita maneno milioni 10. The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien, ambayo wengi huiona ndefu, haifiki maneno nusu milioni.

Kwa hesabu ya kawaida, mtu anayesoma maneno 250 kwa dakika, saa mbili kila siku, atahitaji takriban miezi 11 kuyamaliza maneno milioni 10. Hiyo ni sawa na kusoma vitabu 200 vyenye maneno 50,000 kila kimoja.

Urefu huo una sababu za kifedha pia. Nchini Uchina, ambako tovuti kama Qidian zilichipuka mapema miaka ya 2000, wasomaji hulipia sura kulingana na wingi wa maneno. Katika nchi za Magharibi, waandishi wengi hutegemea michango ya kila mwezi kupitia Patreon, mtandao ulioanzishwa mwaka wa 2013. Anayechanga huzisoma sura mpya kabla ya wengine. Mifumo yote miwili humpa mwandishi sababu ya kuendelea, na humnyima sababu ya kumaliza. Dumas naye, aliyelipwa kwa mstari, aliijua siri hiyo.

Hapo ndipo udhaifu mkuu wa riwaya hizi unapojitokeza. Kitabu kilichochapishwa hupita mikononi mwa mhariri anayefyeka yasiyo na maana kabla ya msomaji kuyaona. Sura ya mtandaoni mara nyingi hutoka ikiwa bado mbichi. Vita hurudiwa, wahusika husahauliwa, na baadhi ya waandishi huzitelekeza hadithi zao njiani huku msomaji akibaki na kiu.

Hata hivyo, si haki kuzitia zote katika kapu moja. Mother of Learning ya Mkroatia Domagoj Kurmaić, kuhusu mwanafunzi wa uganga anayeishi mwezi mmoja tena na tena, ilianza mwaka wa 2011 na kukamilika mwaka wa 2020, kisha ikatolewa kama vitabu. Dungeon Crawler Carl ya Mmarekani Matt Dinniman, iliyoanza katika tovuti ya Royal Road mwaka wa 2020, ilitolewa upya na kampuni kubwa ya uchapishaji mwaka wa 2024. Ni wazi kwamba mtandao umekuwa kitalu na kitabu kimekuwa shamba.

Isitoshe, riwaya hizi zina jambo ambalo kitabu hakina: ujirani. Wasomaji husubiri sura siku moja, hubishana kuihusu, na humwonyesha mwandishi makosa yake. Kijana asiye na mwenzake wa kuzungumza naye kuhusu vitabu kijijini humpata huko.

Utafiti nao unasemaje? Mwaka wa 2018, wataalamu wakiongozwa na Pablo Delgado walichanganua tafiti 54 zilizohusisha zaidi ya watu 170,000. Walibaini kuwa wanaosoma kwenye karatasi huelewa zaidi kuliko wanaosoma kwenye skrini, hasa wakati unapowabana. Lakini tofauti hiyo ilidhihirika katika maandishi ya kufunza; katika hadithi tupu haikuonekana.

Tafsiri yake ni kwamba mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa biolojia ana faida akishika kitabu. Anayefuata safari za shujaa na joka lake hapotezi mengi kwa kutumia simu.

Hata hivyo, upo utafiti wa mwaka wa 2019 ulioongozwa na Anne Mangen wa Norway unaotia tahadhari. Waliosoma hadithi ndefu kwenye Kindle walitatizika zaidi kupanga matukio kwa mfuatano kuliko waliosoma kitabu. Watafiti wanahisi kuwa mkono unaopima kurasa zilizobaki huisaidia akili kukumbuka jambo lilitokea wapi. Ikiwa ni hivyo katika hadithi moja, basi katika riwaya ya sura elfu moja kazi ya kukumbuka ni kubwa zaidi.

Suala la usingizi pia lisipuuzwe. Riwaya isiyo na mwisho haimpi msomaji mahali pa kutulia, kwani kila sura huishia ukingoni mwa shimo. Kitabu, kwa upande wake, huisha.

Kuna pia swali la umiliki. Aliyenunua kitabu anaweza kumwazima jirani, kumrithisha mjukuu au kukiuza. Riwaya ya mtandaoni huweza kutoweka usiku mmoja. Mwandishi anayejiunga na mpango wa Amazon wa usajili wa kila mwezi hulazimika kuiondoa kazi hiyo kwingineko mtandaoni. Amazon yenyewe ilianzisha huduma ya hadithi za mfululizo, Kindle Vella, mwaka wa 2021, na kuifunga mwaka wa 2025.

Bei nayo huamua mengi. Sheria ya VAT ya mwaka wa 2013 ilipoanza kuvitoza vitabu ushuru wa asilimia 16 nchini Kenya, wachapishaji walilalamika kwamba msomaji ndiye angeumia. Kijana mwenye shilingi chache atanunua data kabla ya riwaya, na hawezi kulaumiwa.

Lawama, ikiwepo, iko kwingine. Shaaban Robert alimpeleka msomaji hadi nchi ya angani katika Kusadikika mwaka wa 1951, naye Katama Mkangi akabuni ulimwengu wake katika Walenisi mwaka wa 1995. Kwa hivyo Kiswahili hakikosi njozi. Kinachokosekana ni wingi: anayemaliza vitabu hivyo kwa siku chache hugeukia mfululizo ulioandikwa kwa Kiingereza au kutafsiriwa kutoka Kichina.

Kwa hivyo, mzazi anayemkuta mwanawe na simu usiku asikimbilie kumpokonya. Amwulize anasoma nini, amsikilize akisimulia, kisha ahakikishe kitabu kimoja cha karatasi kiko karibu na kitanda na simu inalazwa chumba kingine. Mazoea ya kusoma ni mche. Usipouona ulipochipuka, utaung'oa ukidhani ni gugu.