Kwa Nini Duara Huombewa: Imani na Riziki, Kolandoto hadi Geita

Wengi wetu wenye ndugu Shinyanga, Kahama au Geita tumewahi kupokea ujumbe wa namna hii: "Tuombeeni, duara bado halijatoa." Duara ni shimo la mchimbaji wa madini. Wapo wanaotuma pesa bila kuuliza neno. Wapo wanaokasirika, wakiona ndugu yao amekosa la kufanya ndiyo maana anashika maombi. Mimi naona maombi hayo yana mizizi mirefu, na sehemu ya mizizi hiyo iko Kolandoto, kando ya barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza.

Injili ilifika pale na Africa Inland Mission, misheni iliyoanzishwa na Peter Cameron Scott mwaka 1895. Ilikuwa misheni ya imani: wamisionari wake hawakuahidiwa mshahara, na kanuni ilikuwa kutopitisha bakuli la michango. Mahitaji yalipelekwa kwa Mungu kwanza. Mwaka 1909 waliipokea Nassa, kwenye Ziwa Victoria, kutoka kwa Waanglikana wa CMS, na mwaka 1913 wakaanzisha hospitali Kolandoto. Hospitali hiyo ipo hadi leo chini ya kanisa la AICT. Kwa hiyo waliofundisha Wasukuma kusali kwa ajili ya riziki walikuwa wenyewe hawajui fedha ya mwezi ujao itatoka wapi. Na bado walijenga wodi na kuleta dawa. Sala na kazi vilikwenda pamoja, na hilo ndilo jambo ninalotaka tulishike.

Mwaka 1940 John Williamson, mjiolojia kutoka Canada, aliipata almasi ya Mwadui, si mbali na Kolandoto. Dhahabu ya Geita ilikuwa tayari inachimbwa wakati wa ukoloni. Tangu hapo mtu wa ukanda huu, ambaye baba yake alingojea mvua kwa ajili ya pamba, akaanza kungojea na mwamba pia.

Kungojea mwamba ni kazi ngumu kueleza kwa mtu aliyezoea mshahara. Wachimbaji wadogo wanashusha duara kwa mtaimbo na nyundo, wanaweka matimba kuta zisianguke, wanavuta maji kwa pampu. Inaweza kuchukua miezi. Muda wote huo mfadhili ndiye anayelisha watu na kununua mafuta, na wachimbaji hawana mshahara. Wana mgawo wa mawe, kama yatapatikana. Mawe yakipatikana yanapelekwa kwenye karasha yasagwe, halafu mwaloni yaoshwe, halafu zebaki ikamate dhahabu. Jiwe linaweza kung'aa juu na ndani lisiwe na kitu. Soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, limesaidia muuzaji kujua bei. Yaliyoko chini ya ardhi halijui. Na duara linaweza kufunika: mwaka 2015, Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 ardhini.

Katika hali hiyo hakuna asiyetafuta msaada nje ya nguvu zake. Wazee walitambikia masamva, roho za mababu. Wengine hadi leo humwendea mganga awasafishie nyota. Na hapo ndipo ilipotokea aibu isiyofutika ya ukanda wetu: miaka ya 2000 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, kwa sababu waganga fulani waliwaaminisha wateja, wachimbaji na wavuvi wakiwemo, kwamba viungo hivyo huvuta mali. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli.

Ndiyo maana simdharau mama anayefunga na kusali kwa ajili ya duara la mwanawe. Anajua mlango mwingine uliopo. Sala yake inamfundisha kijana kukosa bila kutafuta wa kumlaumu, na jirani aliyefanikiwa anabaki jirani, haitwi mchawi. Tena haombi peke yake. Wale wanaokutana naye kwenye ibada ya nyumbani ndio wanaojua watoto wake wamekula nini, na ndio wanaochanga akiuguliwa.

Lakini siwezi kunyamazia wanaouza mafuta, chumvi na maji ya upako wa biashara. Mfanyabiashara aliyekwama anaambiwa atoe sadaka kubwa "kufungua mlango", na asipopata anaambiwa imani yake ni ndogo. Hiyo ni hesabu ya mganga ileile, imevaa suti. Waliokuja Kolandoto kwa imani hawakuuza baraka, na mtu anayemtoza mdaiwa ili amwombee anamwibia.

Kwa hiyo ujumbe ule ukifika, muombee ndugu yako kwa kumaanisha. Kisha mpigie simu umuulize: matimba ni mapya au yameoza? Pampu inafanya kazi? Deni la mfadhili limefika wapi, na nani mwingine analijua? Atakujibu, kwa sababu aliyekuomba umwombee ameshakuruhusu kuingia kwenye shida yake.