Thalamasi: Kituo au Bawabu?

Katika somo la tafsiri muhula huu, mwanafunzi mmoja aliandika kwamba thalamasi ni "kituo cha kupitishia" habari za mguso. Darasa zima likakubali, nami nikampa alama. Baada ya kusoma zaidi, naona tulimpotosha msomaji.

Tuufuate mguso wenyewe. Ukipapasa kitambaa, neva za ngozi ya kidole hupeleka ishara kwenye uti wa mgongo. Ishara hupanda hadi shina la ubongo, huvukia upande wa pili, hufika thalamasi iliyo katikati ya ubongo, kisha huenda kwenye gamba la ubongo. Hadi hapo neno "kituo" halina kasoro.

Lakini shina la ubongo halipitishi tu ishara. Ndani yake mna kundi dogo la seli ambalo wanasayansi huliita kwa Kilatini locus coeruleus, yaani mahali pa buluu (jina la kishairi kwa kitu kilichojificha namna hiyo!). Seli hizo ni chache mno, ila nyuzi zake zimeenea karibu ubongo mzima zikimwaga kemikali iitwayo noradrenalini. Mtu akishtuka, hufanya kazi kwa nguvu, akisinzia, hupunguza, akiwa katika usingizi wa ndoto, hunyamaza karibu kabisa.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya panya, ambao hutumia sharubu kama sisi tutumiavyo vidole. Mahali pa buluu palipochochewa, seli za thalamasi zilieleza mitikisiko ya sharubu kwa undani zaidi, ingawa mguso ulikuwa uleule. Seli hizo hurusha ishara moja moja, au kwa mafungu ya ghafla. Noradrenalini ilipunguza mafungu hayo, na habari ikapita ikiwa safi zaidi.

Basi kitu kinachobadili kazi yake kwa amri itokayo chini si kituo. Nilipendekeza "bawabu". Mwanafunzi wangu hakuridhika: bawabu huruhusu au hukataa, wala hasafishi kinachopita. Yeye anataka "kichujio". Hoja yake ina uzito, ila matundu ya kichujio hayabadiliki, na thalamasi hubadilika kila tunapozinduka au kusinzia. Hatujakubaliana. Alama zake, hata hivyo, nimezishikilia mpaka aandike sentensi ile upya.