Mtoto akicheua maziwa, usikubali akatwe kimeo

MAMA mwenye mtoto mchanga huko Kayole, Umoja au Dandora anayajua mambo haya. Mtoto wa miezi 2 amenyonya akashiba. Akilazwa tu, maziwa yanarudi mdomoni na kumwagika kifuani. Halafu jirani atatoa shauri: huyu ana kimeo, apelekwe kwa mzee fulani akikate.

Usikubali. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kila mtu anacho, nacho hakihusiki na kucheua. Kukikata kwa wembe au kisu huweza kuleta kutokwa na damu nyingi, pepopunda, na hata virusi vya Ukimwi ikiwa kifaa kilitumiwa kwa mtoto mwingine. Kuna watoto waliopoteza maisha kwa njia hii.

Chanzo cha kucheua kiko chini zaidi, pale umio unapoungana na tumbo. Hapo pana msuli unaojifunga ili chakula kisirudi. Kwa mtoto mchanga msuli huo haujakomaa, tumbo ni dogo, chakula chake ni maziwa matupu, na muda mwingi yeye amelala. Watoto wapatao 4 kati ya 10, au zaidi, hucheua. 9 kati ya 10 ya hao huwa wameacha wanapotimiza mwaka mmoja. Ikiwa mtoto anacheka na uzito unapanda kwenye kijitabu cha kliniki, taabu kubwa ni ya kufua, na shida ya maji mitaani kwetu tunaijua.

Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi, kichwa kikiwa juu kuliko tumbo. Mpe nafasi abeue, kisha mshike wima begani kama nusu saa. Kumfunga mgongoni kwa leso punde tu akishiba hukaza tumbo na kuyasukuma maziwa juu. Ukimwacha kwa mama anayelea watoto ili uende kazini, mweleze hayo. Mtu mwenye watoto 10 hushawishika kumwekea chupa mdomoni na kumwacha amelala. Usiku alale chali, bila mto. Wengi huogopa atapaliwa, lakini kulala kifudifudi ndiko kunakohusishwa na vifo vya ghafla vya watoto.

Usikoroge uji kwenye chupa kabla ya miezi 6. Nayo Gripe Water, iliyoanza kuuzwa Uingereza katika karne ya 19 ikiwa na pombe ndani, haizuii kucheua.

Lakini kuna kutapika ambako si kucheua. Matapishi ya kijani au yenye damu ni hatari. Vivyo hivyo yanayoruka mbali kwa nguvu kila anaponyonya, hasa kati ya wiki ya 2 na ya 8: huenda njia ya kutokea tumboni imebanwa, na hiyo hutibiwa kwa upasuaji. Mtoto anayekataa kunyonya, mwenye homa, aliyevimba tumbo au asiyekojoa kama kawaida asingoje siku ya kliniki. Mpeleke mara moja Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, au yoyote iliyo karibu, hata ikiwa ni usiku, na kijitabu chake ukiwa nacho mkononi.