Chafya za Michenga: pesa ianzie wapi?

Mpunga ukishavunwa hapa Michenga, karibu na Ifakara, na mashine za kukoboa zikaanza kunguruma kutwa, pua nazo huwasha. Kuna vumbi la pumba, kuna moshi wa mabua, na barabara hazina huruma. Lakini mtu anayepiga chafya mfululizo kila alfajiri kabla hajashuka kitandani, masika na kiangazi, hana kesi na mashine. Mara nyingi kesi yake ni utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwenye godoro na mto na kustawi penye unyevu. Mende na ukungu wa ukutani nao wamo. Jua kwanza uko kundi gani, maana dawa ya kumtosha mwenye chafya za siku mbili za kukoboa itamtia hasara mwenye aleji ya kila siku.

Duka la dawa muhimu likifunguliwa, kinachoombwa kwanza ni Piriton. Kidonge kimoja ni bei ya kutupa. Tatizo ni kwamba nguvu yake hukatika baada ya saa 4 hadi 6, hivyo mtu mzima anayeitegemea humeza vitatu au vinne kwa siku, yaani vidonge 90 hadi 120 kwa mwezi. Setirizini ya miligramu 10 ni kimoja kwa siku, 30 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya duka lako ndipo uamue ipi rahisi. Ongeza na usingizi: Piriton si dawa ya kumpa bodaboda wala anayelisha mpunga kwenye mashine. Setirizini nayo huwalegeza baadhi ya watu. Hao waulizie loratadini.

Ukinunua vya kuhesabu, angalia mkasi. Muuzaji akikata karatasi ya vidonge vitano, tarehe ya kuisha muda mara nyingi hubaki kwenye kipande cha dukani. Mwombe akuonyeshe kabla hajakata.

Kwa pua inayoziba kila siku, mimi ningeweka pesa kwenye dawa ya kupulizia puani yenye flutikasoni au beklometasoni. Vidonge hupunguza chafya na mwasho, ila kuziba havikuwezi vizuri. Bei ya chupa inashtua, na huenda ukalazimika kwenda famasi ya mjini Ifakara. Lakini chupa ya flutikasoni ya mipulizo 120, kwa mipulizo miwili kila tundu mara moja kwa siku, inamaliza siku 30. Hali ikitulia ukashuka hadi mmoja kila tundu, inafika 60. Gawanya bei kwa siku hizo. Wengi huitupa siku ya tatu wakidai haifanyi kazi, kumbe huchukua siku kadhaa, hata wiki mbili, kukolea. Pulizia tundu la kushoto kwa mkono wa kulia, na la kulia kwa mkono wa kushoto, ili dawa isigonge ukuta wa katikati na kutoa damu.

Matone ya kuzibua pua kwa dakika chache yananunulika, lakini yakizidi siku tano pua huziba zaidi na unabaki mteja wao. Sindano ya aleji na prednisoloni za kujinunulia ziache kabisa: nafuu yake ni ya haraka, ila huweza kupandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa.

Cha bei ndogo kuliko vyote ni maji ya chumvi ya kusuuza pua: kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa katika nusu lita ya maji yaliyochemka yakapoa. Usitumie ya kisima moja kwa moja.

Kuhusu godoro, usikimbilie mfuko maalumu wa kuzuia utitiri. Utafiti mkubwa wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mifuko hiyo peke yake ilipunguza utitiri, lakini wagonjwa hawakupata nafuu zaidi ya wenzao. Jua la kuanikia mashuka na mito ni bure. Chandarua hukusanya vumbi kweli, ila bonde hili la malaria halikuruhusu kukivua. Kifue kwa sabuni ya kawaida, ukianike kivulini. Chenye dawa ya kudumu kimetengenezwa kuhimili kufuliwa kama mara 20, kwa hiyo kila wiki ni kukimaliza.

Kipimo cha ngozi cha aleji kiwe cha mwisho, na kabla yake dawa kama setirizini husimamishwa karibu wiki nzima, la sivyo nauli imepotea. Kifua kikibana na kupiga filimbi usiku, au tundu moja tu likitoa damu na usaha, acha hesabu za dukani uende hospitali.