Joto Lisiloonekana Ziwa Tanganyika

Kusini-mashariki mwa Iceland kuna ziwa liitwalo Jökulsárlón. Lilianza kujitokeza miaka ya 1930, barafu kuu ya Breiðamerkurjökull ilipokuwa ikirudi nyuma. Leo watalii hupanda boti kutazama mapande ya barafu yakielea kuelekea baharini, na ziwa lazidi kupanuka. Kule, joto la dunia linaonekana kwa macho.

Mwaloni Kibirizi, Kigoma, huwezi kuliona. Mbele yako ni maji ya buluu hadi milima ya Kongo, yenye kina kifikacho mita 1,470. Duniani ni Baikal pekee linalolizidi Tanganyika kwa kina. Hata hivyo joto lilelile limeshaingia humu.

Riziki ya dagaa huanzia chini, kwenye maji baridi yasiyo na hewa, ambako rutuba ya ziwa imelala. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini huyasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, ya chini yakapanda na rutuba yake. Mwani hustawi, wadudu wadogo wa majini wakaula, dagaa wakawala wadudu, migebuka wakawala dagaa. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yakaelea juu ya yale mazito bila kuchanganyika, na rutuba ikabaki chini.

Mwaka 2003 mwanasayansi Catherine O'Reilly na wenzake walikadiria kuwa uzalishaji wa mwani ziwani ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20. Mwaka 2010 mwanasayansi Jessica Tierney na wenzake, waliochunguza tope la chini ya ziwa, walionyesha kuwa maji ya juu hayajawahi kuwa na joto kama hili kwa miaka 1,500.

Wavuvi wa Kigoma na Ujiji, wanaotoka na taa usiku usio na mbalamwezi, ndio hulaumiwa kwanza dagaa wanapoadimika. Ni kweli nyavu haramu zinaua makinda, na kulifunga ziwa kwa wavuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 kuliwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Nauunga mkono uamuzi huo. Lakini miezi mitatu ya kupumzika haipozi maji. Mvuvi ameshabeba sehemu yake ya mzigo. Nchi tajiri zilizochoma makaa na mafuta kwa zaidi ya karne zibebe yao, kwa kupunguza moshi wao na kuchangia mlo wa familia ya mvuvi ziwa linapofungwa.