Melee: Nani Akikutana na Nani?

Bao lina uadilifu wake. Kete ni 64, kila mchezaji ana zake 32, mashimo ni sawa kwa sawa, na afungwaye hana wa kumlaumu ila nafsi yake. Sasa fikiria, msomaji, mchezo ambao wawili huketi kuucheza ilhali mmoja ameshika upanga na mwenziwe mikono mitupu, na wote wameridhia! Ndivyo ulivyo Super Smash Bros. Melee, mchezo wa video uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 2001, na ambao hadi leo kuna watu wanaovuka bahari kwenda kuushindania.

Katika mchezo huu kila pigo huongeza hesabu ya asilimia, na kadiri hesabu inavyopanda ndivyo mtu anavyorushwa mbali. Akitoka nje ya mipaka ya uwanja, amepoteza roho moja. Mashindanoni kila mchezaji hupewa roho nne na muda wa dakika nane.

Ama wahusika wa kuchagua, ni zaidi ya ishirini. Fox ni mwepesi wa mbio na husifiwa kuwa miongoni mwa walio bora kabisa. Lakini Fox huanguka upesi kama jiwe. Basi Marth mwenye upanga akimkamata katika uwanja wa Final Destination, ambao ni tambarare tupu, humrusha juu, akamdaka, akamrusha tena. Uwanja ukiwa na vijukwaa vya juu, Fox huyo huyo hutua juu yake akaokoka. Kwa hivyo kuuliza nani bora ni swali nusu. Huulizwa nani, dhidi ya nani, na wapi.

Sheria za mashindano zimelitambua jambo hilo. Baada ya mchezo wa kwanza, mshindi hukataza uwanja mmoja, aliyeshindwa akachagua katika zilizobaki. Kisha mshindi hutaja mhusika wake kwanza, ndipo mshinde naye hutaja wake, akiwa amekwisha mwona atakayemkabili. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye utamu wote, maana vita huanza kabla ya mtu kubonyeza kitu.

Mathalan Adam Lindgren wa Swideni, ajulikanaye kwa jina la Armada, alijipatia sifa kwa kumcheza binti mfalme Peach. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Juan Debiedma wa Marekani, aitwaye Hungrybox, bingwa wa Jigglypuff, kidude cha waridi mviringo kama puto. Jigglypuff huruka mara nyingi hewani, husogea na kurudi, na ana pigo la kulala usingizi: likimgusa adui barabara humtupa nje, likikosa humwacha yeye amelala, wa kupigwa apendavyo mwenziwe. Peach hana mwendo wa kumfukuzia mtu wa namna hiyo. Basi mwanzoni mwa miaka ya 2010 Armada alimtoa Young Link, mhusika ambaye wengi hawakumjali, kwa sababu moja tu: ana mishale, mabomu na bumerangi, na Jigglypuff hana hata kitu kimoja cha kurusha.

Wapo waliosema huo ni ujanja wa kukwepa vita. La, hasha! Kumjifunza mhusika wa pili kwa ajili ya mtu mmoja ni kazi kubwa, tena ni heshima kwa yule mtu. Hata hivyo dawa haikudumu milele. Hungrybox alimshinda Armada katika fainali ya Evo mwaka 2016 huko Las Vegas.

Mjapani aitwaye aMSa alishika njia nyingine kabisa. Yeye hakumwacha Yoshi wake, ingawa Yoshi hawezi hata kuruka moja kwa moja kutoka ndani ya ngao yake, na kwa miaka mingi aliwekwa chini katika orodha. Alichokiona aMSa ni kuwa ruko la pili la Yoshi hewani huja na kinga: hupigwa, asirudi nyuma, akajibu papo hapo. Mwezi wa Oktoba 2022 alitwaa ubingwa wa The Big House 10. Wapinzani wake walikuwa na mazoezi ya miaka mingi dhidi ya Fox na Marth. Lakini Yoshi wa kufanyia mazoezi wangempata wapi?