Mashini ya kusaga: zima kwanza, ndipo uguse

Ndugu mfanyakazi, kazini unavaa kofia ngumu na viatu vya chuma. Mkanda wa mashini ya kuponda mawe umefunikwa kwa wavu, na fundi haugusi mpaka umeme umekatwa na kufuli limefungwa. Lakini jioni bibi yako anapeleka mihogo kwenye mashini ya kusaga ya kartie, huko Mangobo ao Kabondo. Pale mara nyingi mkanda uko wazi kabisa, hatua moja tu toka mahali akina mama wanapopanga mabeseni yao.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme mota inazunguka mara 1500 kwa dakika, maana yake mara 25 kwa sekunde moja. Kama gurudumu lake lina upana wa sentimeta 20, mkanda unakimbia karibu mita 16 kila sekunde. Mtu akishtuka, robo ya sekunde inapita kabla mkono haujaanza kurudi nyuma. Katika muda huo mkanda umekwisha kupita karibu mita 4. Ncha ya kikwembe ikishikwa, mkono unafuata.

Hatari kubwa iko wakati wa kuzibua. Mihogo isiyokauka vizuri inakwama, sombe inanata, na kijana anaingiza vidole kuisukuma. Tena tunajua sote hapa Kisangani: umeme wa SNEL unakatika, mashini inasimama, kijana anaona nafasi nzuri ya kuisafisha. Umeme unarudi bila kupiga hodi! Basi ukikatika, zima swichi, chomoa waya, na kama ni mota ya mazutu toa mkanda kwenye gurudumu. Ndipo uguse. Sombe isukumwe kwa mchi wa mti, si kwa vidole.

Jambo hili huwashangaza wengi: mbele ya mashini inayozunguka usivae glavu. Zinafaa kwa kubeba mawe, lakini hapa zinashikwa upesi na kuvuta mkono mzima. Pete nayo inaweza kuchuna kidole chote. Na wewe mama, funga kikwembe na kitambaa cha kichwa viwe imara, wala usimtume mtoto kusimama karibu na mkanda.

Mkono ukinaswa, zimeni mashini. Msiuvute, wala msizungushe mashini kinyumenyume kwa kubahatisha, maana meno yake yatakata mara ya pili. Mwite fundi afungue bulo. Akishindwa, kichwa cha mashini kitolewe na mgonjwa aletwe nacho. Damu ikitoka, gandamiza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, dakika 10 bila kufunua kuangalia. Ikiruka kwa nguvu na haisimami, funga kitambaa cha upana wa vidole vitatu juu ya kidonda, si kwenye kiungo, ukikaze kwa kijiti mpaka damu isimame. Andika saa uliyofunga. Usilegeze njiani, kazi hiyo utuachie sisi waganga.

Kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu kidogo, ndani ya mfuko usioingia maji, na mfuko huo juu ya barafu. Kisiguse barafu yenyewe. Sitawadanganya: kukirudisha kunahitaji wapasuaji na vyombo ambavyo si kila hospitali inavyo. Hata hivyo kilete, mpasuaji ndiye atakayeamua.

Majivu, petroli, mavi ya ng'ombe na majani yaliyopondwa, hapana! Vinaingiza uchafu, na tetanosi hupita kwenye uchafu. Nimekwisha kupokea kijana aliyepakwa majivu mkono mzima. Nilitumia saa nzima kuosha kabla sijaona kidonda chenyewe.

Mwisho ni habari ya karatasi. Ajali ya kazi inahusu CNSS, iliyochukua nafasi ya INSS mwaka 2018. Lakini msaidizi wa mashini ya kartie mara nyingi hakuandikishwa popote. Kama mtoto wako anafanya kazi hiyo, muulize bwana wake leo kama jina lake limepelekwa. Mpeleke pia achanjwe tetanosi kabla hajaumia.